Maswali ya Wasomaji: Uzito Baada ya Miaka Arobaini

Barua zilizotufikia safari hii zinafanana kwa jambo moja: karibu zote zimeandikwa na watu waliovuka miaka arobaini, ambao ujanani hawakuwahi kuitwa wanene, na ambao sasa nguo zinawabana bila wao kujua mambo yalianza kuharibika lini. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu mwandishi wake ameuliza waziwazi jambo ambalo wengine wameligusa pembeni tu.

Daktari, mimi ni mwanamke wa miaka 47 na ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi karibu na Mbale, Uganda. Nilipopandishwa cheo, miaka 12 iliyopita, nilikuwa na kilo 64. Leo nina kilo 81, na urefu wangu ni sentimita 162. Naapa kwamba sili zaidi ya nilivyokula zamani. Wenzangu wananiambia kuwa mwili ukishafika arobaini hupunguza kasi ya kutumia chakula, kwa hiyo nikubali tu. Niliwahi kuacha matoke na posho (ugali) kabisa, nikavumilia wiki chache, kisha nikavirudia kwa pupa. Je, nimechelewa? – Mwalimu, Mbale

Mwalimu, hujachelewa, na nakuamini unaposema kwamba huli zaidi ya zamani, kwa sababu hesabu yako mwenyewe inakutetea. Kilo 17 katika miaka 12 ni wastani usiofika kilo moja na nusu kwa mwaka, na ziada ya chakula inayozaa uzito huo, ukiigawanya kwa siku, ni ndogo kiasi kwamba hakuna jicho linaloweza kuiona kwenye sahani. Ni kijiko cha sukari kilichoongezwa kwenye chai ya mgeni, ni andazi la kikao cha wazazi, ni mwendo wa miguu ambao siku hizi unafanywa na bodaboda.

Hilo la mwili kupunguza kasi baada ya arobaini, hata hivyo, naomba tuliweke kando. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti uliopima nguvu ambayo mwili hutumia kwa siku, ukihusisha watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wachanga hadi wazee wa miaka 95. Ukubwa wa mwili na kiasi cha misuli vilipozingatiwa, matumizi hayo yalionekana kubaki karibu pale pale tangu miaka 20 hadi 60, na hata kukoma kwa hedhi hakukuyashusha. Habari hii naipenda sana kuwapa wagonjwa wangu, kwa kuwa mtu anayeamini kwamba mwili wake umemsaliti hana sababu ya kujaribu lolote, ilhali anayejua kwamba mwili bado unafanya kazi yake ana mahali pa kuanzia.

Kinachobadilika ni mambo mengine. La kwanza ni misuli, ambayo baada ya miaka 30 hupungua kwa asilimia 3 hadi 8 katika kila miaka kumi iwapo mtu haipi kazi, na misuli ikipungua, nguvu inayotumika hata ukiwa umekaa hupungua pamoja nayo. La pili ni mahali mafuta yanapojiweka: homoni ya estrojeni inaposhuka karibu na kukoma kwa hedhi, mafuta yaliyokuwa yakienda kwenye mapaja na makalio huanza kujaa tumboni, ambako huzunguka ini na viungo vingine vya ndani na kuchochea kisukari na presha. La tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote kwa mtu wa hali yako, ni mwendo.

Mwaka 2018 jarida la The Lancet Global Health lilichapisha hesabu za watu wazima wasiofanya mazoezi ya kutosha katika nchi 168, na Uganda ndiyo iliyokuwa na kiwango kidogo kuliko zote, asilimia 5.5 tu. Tulifurahi sana siku zile. Lakini sifa hiyo imeletwa na jembe, jerikeni na miguu, na mtu anayepata cheo cha ofisini huvihama vyote vitatu kwa mkupuo. Kumbuka siku yako ilivyokuwa ulipokuwa mwalimu wa darasa: ulikwenda shuleni kwa miguu, ukasimama ubaoni saa nyingi, na Jumamosi ukawa shambani. Leo unaletwa mpaka mlango wa ofisi, unakaa kwenye kiti mpaka jioni, na shamba lina mtu wa kulilima. Chakula kikibaki kile kile na kazi ikaondoka, lazima kitu kiongezeke.

Na mimi nina shaka kama kweli chakula kimebaki kile kile, kwa sababu cheo huja na semina. Tazama foleni ya chakula cha mchana katika semina yoyote ya hapa kwetu. Mtu anachukua sahani, anaanza na matoke, anaongeza wali, kipande cha posho, viazi vitamu viwili, muhogo kidogo ili asionekane ameudharau, pengine na kalo (ugali wa ulezi), na sahani inapokuwa imekwisha kujaa ndipo anapofika kwenye nyama, anamwagiwa mchuzi wa karanga juu ya kilima kile, na mboga za majani zinapata nafasi ya kijiko kimoja ukingoni. Kisha anapewa soda. Vyakula vile vya kwanza vyote sita ni wanga, na mwili hauhesabu majina yake. Kwake huo ni mlo mmoja mkubwa wa wanga uliopewa majina sita.

Kwa hiyo sikushauri uache matoke. Matoke yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba na kupikwa kwa mvuke hayana tone la mafuta, yanashibisha, na ni chakula ulichozaliwa nacho. Ukiyafukuza nyumbani utayaota usiku, kama yalivyokupata. Ninachokuomba ni kugeuza mpangilio wa kupakua. Anza na mboga: dodo, nakati, sukuma wiki, kabichi, biringanya, bamia, chochote kilichopo sokoni, ziwe nusu ya sahani na zisielee kwenye mafuta, kwa sababu kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120. Robo ya sahani iwe maharage, kunde, samaki, mukene (dagaa), mayai au nyama isiyo na mafuta mengi. Robo inayobaki uijaze kwa chakula kimoja cha wanga, au viwili ukishindwa kabisa kuchagua, kwa kiasi cha ngumi yako. Mchuzi wa karanga ni chakula kizuri, ila uuhesabu kama chakula. Usiumwage kama maji. Maharage na mboga zina nyuzinyuzi ambazo hukaa tumboni muda mrefu, ndiyo maana anayekula hivi hatafuti mandazi saa kumi.

Pika hivyo kwa nyumba nzima. Nimewaona akina mama wengi wakijipikia sufuria yao ndogo ya «chakula cha daktari» huku watoto na mume wakila mlo wao wa siku zote, na sikumbuki hata mmoja aliyefika mwaka. Mume wako pia ana umri, na watoto wako watafika huo umri.

Kuhusu vinywaji sina upole. Soda ya nusu lita ina sukari ya gramu 50 hivi, yaani vijiko vya chai vipatavyo kumi na viwili, na Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, ambayo kwa mtu anayehitaji kalori 2,000 ni gramu 50 zile zile. Chupa moja imemaliza kiwango cha sukari cha kutwa nzima kabla hujanywa chai. Mwalimu mkuu anayepokea wageni watano kwa siku na kunywa nao chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari kila mara anajaza vijiko 15 bila kula kitu. Punguza kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili, ulimi huzoea.

Upande wa mwendo, kipimo cha Shirika hilo kwa watu wazima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kutosha kukutoa jasho jepesi, pamoja na kazi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Watu husikia dakika 150 wakakata tamaa, ingawa ni nusu saa kwa siku tano. Shuka kwenye bodaboda mahali ambapo umebakiza robo saa ya kutembea, asubuhi na jioni, na hesabu itakuwa imetimia bila kununua viatu vipya wala kutafuta saa ya ziada. Kuna wanaoogopa kuchekwa njiani, hasa akina mama wenye vyeo. Tembea na mwalimu mwenzako mmoja, mkizungumza kazi zenu, hakuna atakayeuliza. Kwa misuli, simama na ukae kwenye kiti bila kushika mikono yake, mara kumi, upumzike, urudie mara mbili. Jisukume ukutani kwa viganja. Chota maji mwenyewe kwa jerikeni ndogo mbili, moja kila mkono. Misuli ya mwanamke wa miaka 47 ikipewa kazi hukua, na hata ya mtu wa miaka 70 hukua.

Kwa urefu na uzito wako, kipimo cha uwiano wa mwili, ambacho hupatikana kwa kugawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, kinakaribia 31. Kuanzia 25 huitwa uzito uliozidi na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Usilenge kurudi kwenye kilo 64 upesi. Lenga kilo nne au tano, katika miezi mitatu hadi sita, kwa sababu kupungua kwa asilimia 5 tu ya uzito huanza kuteremsha presha na sukari, halafu ukae hapo kwa muda kabla ya kuendelea. Na upime kiuno kwa utepe wa fundi cherehani, juu kidogo ya mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi kwa kawaida. Kwa mwanamke hatari huanza kupanda kiuno kinapovuka sentimita 80, na huwa kubwa zaidi kinapovuka 88. Mara nyingi utepe huanza kuonyesha mabadiliko wakati mizani bado imenyamaza, hasa kwa mtu anayejenga misuli.

Ndugu Daktari, mimi ni dereva wa lori, umri miaka 52, njia yangu ni Malaba hadi Kampala na mara nyingine Gulu mpaka Elegu. Kiuno changu ni sentimita 108. Kwenye kambi ya upimaji ya bure niliambiwa presha yangu ni 150 kwa 95. Baba yangu alifariki kwa kisukari. Jioni nikishaegesha gari hunywa bia nne na nyama choma, kwani mchana sipati nafasi ya kula. Mazoezi nitayafanyia wapi? – Dereva wa masafa

Ndugu yangu, kabla ya mazoezi, kuna jambo ambalo hukuliandika na nataka umuulize mke wako au utingo wako: je, unakoroma kwa nguvu, kisha pumzi inakatika kidogo na kurudi kwa kishindo? Na mchana, gari likiwa linatembea, je, macho yanakuzidi nguvu hata kama ulilala? Unene wa shingo na tumbo unaweza kuziba njia ya hewa usingizini mara nyingi kwa usiku mmoja, na mtu akaamka amechoka kuliko alivyolala. Kwa dereva hili ni suala la uhai wake na wa watu wengine barabarani. Ikiwa jibu ni ndiyo, mweleze daktari kwa maneno hayo hayo, usiseme tu kwamba una uchovu.

Presha nayo haithibitishwi kwa kipimo kimoja cha kambini. Pima tena siku nyingine, ukiwa umekaa dakika tano, hujavuta sigara wala hujanywa kahawa, kwenye kituo chochote cha afya njiani. Ikirudia kufika 140 kwa 90 au zaidi, anza matibabu na usiyaache kwa sababu unajisikia vizuri, maana presha haina desturi ya kubisha hodi. Pima pia sukari kabla ya kula asubuhi. Kipimo kikifika milimoli 7.0 kwa lita na kikarudia siku nyingine, hicho ni kisukari.

Kwa kuwa baba yako aliugua, wewe una sababu kubwa kuliko wengine ya kusikiliza haya. Mwaka 2002 Marekani ilichapisha matokeo ya utafiti mkubwa kuhusu watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari: wale waliosaidiwa kupunguza asilimia 7 hivi ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki waliupunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58, na wale waliopewa vidonge vya metformin, dawa ya kisukari, kwa asilimia 31. Hatari ya kurithi inaweza kuzuiwa, na katika utafiti huo miguu ilifanya vizuri kuliko kidonge.

Sasa jioni yako. Bia moja ya nusu lita ina kalori karibu 200, kwa hiyo nne zina 800, nazo huja juu ya nyama iliyochovywa kwenye chumvi, baada ya kutwa nzima ya njaa. Chumvi inayoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani isiyojaa kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo tayari katika chakula. Ukiweza, acha bia kabisa siku za safari. Ukishindwa, isizidi moja, na itanguliwe na chakula. Tatizo la msingi ni hilo la kushinda njaa, na hapo barabara yako ina neema ambayo wengi hawaitumii. Ukisimama Namawojjolo, soko la barabarani kabla ya Kampala, vijana watakujia mbio dirishani na kuku wa kuchoma kwenye vijiti, gonja (ndizi za kuchoma), chapati na soda, kila mmoja akisukuma mkono wake mbele ya mwenzake. Chukua kuku, uondoe ngozi, chukua gonja moja na maji, uache chapati na soda. Asubuhi beba ndizi mbivu na mayai ya kuchemsha. Rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) ya chapati mbili, ambayo muuzaji huizungushia mafuta kila inapogeuzwa, iwe ya siku moja moja. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina sukari nyingi kama soda, na havina uwezo wa kuchukua nafasi ya usingizi wa saa saba.

Mazoezi yafanyie kwenye foleni ya mpakani Malaba. Lori linaposubiri karatasi, zunguka uwanja kwa mwendo wa haraka kwa dakika kumi, mara tatu kwa siku. Dakika zilizogawanywa huhesabiwa sawa na zilizofululizwa. Kwa mwanaume, hatari huanza kupanda kiuno kikivuka sentimita 94 na huzidi baada ya 102, hivyo lengo lako la kwanza ni kushuka chini ya 102.

Daktari, naishi na virusi vya ukimwi tangu mwaka 2009 na dawa nazimeza bila kukosa. Tangu nilipobadilishiwa dawa nimeongezeka kilo 11, nami nina miaka 45. Muuguzi ananishauri nipungue, lakini hapa kwetu upande wa Masaka nikipungua majirani watasema nimezidiwa. Afadhali ninenepe? – Dada wa Masaka

Dada, hofu yako ina historia, wala sitaichukulia kama jambo dogo. Ugonjwa huu ulipojitokeza kusini mwa Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu waliuita «slim» kwa jinsi ulivyowamaliza miili, na madaktari wakautaja kwa jina hilo katika jarida la The Lancet mwaka 1985. Waliozika ndugu zao miaka ile bado wapo, na wakimwona mtu amepungua mashavu, moyo huwashtuka kabla hawajafikiri. Kwa hiyo unene umekuwa kama cheti cha uzima.

Lakini cheti chako halisi ni kipimo cha wingi wa virusi, na ukiwa unameza dawa bila kukosa, bila shaka unacho kwenye faili lako. Dawa nyingi za sasa zina dolutegravir, ambayo inafubaza virusi vizuri sana na ambayo imeonekana kuongeza uzito. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanaoitumia huongezeka kuliko waliotumia efavirenz, dawa ya zamani zaidi, na wanawake zaidi ya wanaume. Usiipunguze wala usiiruke hata siku moja kwa ajili ya uzito. Mweleze mhudumu wako, naye atapima presha na sukari, na kama kuna haja ya kubadili dawa, ataamua yeye kwa kuangalia faili lako.

Kupungua kwa hiari kuna sura yake. Mtu anakula vizuri, anatembea, ana nguvu, na anashuka nusu kilo kwa wiki au chini ya hapo, hivyo uso hauporomoki. Kupungua kwa ugonjwa huja bila kutafutwa, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku, kikohozi cha wiki mbili au kukosa hamu ya chakula, na huko ndiko kunakohitaji kukimbilia kituo cha afya mara moja, ikiwemo kupimwa kifua kikuu. Majirani wakuone asubuhi ukitembea kwa kasi. Anayekuona ukipanda kilima kila siku atapata taabu kusema kwamba umezidiwa. Na kama una dada au rafiki unayemwamini, mweleze mapema mpango wako, ili akutetee pale usipokuwepo.

Mimi ni mkulima, umri miaka 58, nalima kila siku na bado ni mzito. Magoti yananiuma hata kuinama kupanda maharage ni shida. Niache kulima? – Mama wa Kasese

Mama yangu, usiache. Uchunguzi uliofanywa Marekani kwa watu wazima wenye uzito uliozidi na maumivu ya magoti, ukachapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua huondoa mzigo wa kilo nne hivi kwenye goti katika kila hatua. Ukipunguza kilo tatu tu, kila hatua unayopiga itakuwa nyepesi kwa kilo 12, na wewe unapiga maelfu kwa siku. Palilia ukiwa umekaa kwenye kigoda, tumia jembe lenye mpini mrefu, na kila jioni, ukiwa umekaa kitini, nyoosha mguu mmoja mbele, uushikilie hewani kwa pumzi tano, kisha mwingine, mara kumi kumi. Paja lenye nguvu hulibeba goti. Kwa kuwa mwendo unao tayari, tazama sahani ya usiku: wakulima wengi hunywa chai tu mchana kutwa kisha hula posho ya siku nzima saa tatu usiku na kulala. Ihamishie nusu yake mchana. Goti likivimba, likawa la moto au likakatalia kunyooka, nenda hospitali.

Asalaam aleikum. Nina miaka 50, nipo Bombo. Kila Ramadhani napungua kilo tatu au nne, na ikifika Idi ya pili nimezirudisha zote. Rafiki ameniletea majani ya chai ya kupunguza tumbo ili nisirudi nyuma. Niyatumie? – Msomaji, Bombo

Waaleikum salaam. Usiyatumie. Mengi ya majani hayo huwa na sanamaki au vitu vya jamii yake vinavyoharisha, kwa hiyo kinachopungua ni maji na kinyesi, mafuta yanabaki pale pale. Ukiyaendeleza unapoteza madini ya potasiamu ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa, na utumbo unaweza kuzoea kutofanya kazi bila kusukumwa. Kuna mengine mabaya zaidi: bidhaa za kupunguza uzito zinazouzwa kama mitishamba zimekutwa katika nchi mbalimbali zikiwa na sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya kuleta mshtuko wa moyo na kiharusi. Pakiti isiyosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa usiiingize nyumbani, hata kama aliyekuletea anakupenda.

Kilo za Ramadhani hurudi kwa sababu sehemu yake ilikuwa maji, na kwa sababu baada ya mwezi kwisha watu hurudia milo ya mchana huku wakiendelea na sambusa, chapati na uji mtamu wa usiku. Mfungo wenyewe una mafunzo mazuri ukitengenezwa: futuru kwa tende moja au tatu na maji, swali, kisha ule sahani niliyomweleza Mwalimu wa Mbale, na vya kukaangwa viwe vya Ijumaa. Funga za siku sita za Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani, na za sunna za Jumatatu na Alhamisi zinaweza kukusaidia kuendeleza utaratibu huo kwa ibada uliyokwisha kuizoea, mradi siku za kula usizifanye siku za kulipiza.

Umesema una miaka 50 bila kutaja kama una kisukari. Ikiwa unacho, na unachoma insulini au unameza glibenclamide, sukari inaweza kushuka ghafla ukiwa umefunga, ukatetemeka, ukatoka jasho la baridi na hata kupoteza fahamu. Ikitokea hivyo, fungua papo hapo kwa kitu chenye sukari. Mwone daktari mwezi mmoja au miwili kabla ya Ramadhani kuandama, ili dozi na saa za dawa zipangwe upya.